SOMO LA HISABATI: Mstari mnyoofu na unga wa nyumbani

Katika ukurasa wa masomo wa toleo hili tutaangalia mlinganyo wa mstari mnyoofu. Vijana wa sekondari wanaukuta darasani, lakini hata mama anayepima unga nyumbani anaweza kuutumia.

1. Mlinganyo ni mmoja, herufi ni tofauti

Watoto wetu wengi walianza masomo Kongo au Burundi, ambako mwalimu huandika ubaoni y = ax + b. Wakifika shule za Tanzania, Uganda au Kenya wanakuta y = mx + c. Na familia zilizopata nafasi ya kwenda Marekani zimekuta y = mx + b. Mtoto anaweza kudhani kwamba aliyojifunza kwao yamepotea njiani. Wazazi, mwambieni hayakupotea. Ni jambo lile lile.

Namba inayozidishwa na x ni mteremko. Inatuonyesha y inabadilika kiasi gani kila x inapoongezeka kwa 1. Mteremko ukiwa chanya mstari unapanda. Ukiwa hasi mstari unashuka. Namba iliyobaki peke yake ni thamani ya y wakati x ni 0, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y. Hapa tutaiita mwanzo.

2. Jinsi ya kuupata mlinganyo

Tukijua nukta mbili tu, tunaweza kuupata. Tuchukue kipimajoto. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo ni 32 za Farenhaiti. Huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ambazo ni 212 za Farenhaiti.

Mteremko = (212 − 32) ÷ (100 − 0) = 180 ÷ 100 = 1.8
Mwanzo = 32
Kwa hiyo F = 1.8C + 32

Faida yake ni hii. Vipimajoto vingine, hasa vya kutoka Marekani, vinasoma Farenhaiti. Mtoto akipimwa ikaonekana 102, msidhani chombo kimeharibika. Ondoeni 32, inabaki 70. Gawanyeni kwa 1.8, mnapata karibu 38.9. Hiyo ni homa. Mtoto apelekwe kituo cha afya.

3. Unga utafika siku ya mgao?

Tuseme familia moja haikupima unga siku ya mgao. Siku ya 3 walipima wakakuta kilo 42. Siku ya 8 wakakuta kilo 32. Mgao mwingine ni baada ya siku 30.

Mteremko = (32 − 42) ÷ (8 − 3) = −10 ÷ 5 = −2. Maana yake, kila siku wanatumia kilo 2.

Kutafuta mwanzo, tunaweka nukta moja ndani ya mlinganyo: 42 = (−2 × 3) + c. Hivyo 42 = −6 + c, na c = 48. Walianza na kilo 48.

Mlinganyo wao ni y = −2x + 48. Unga utakwisha y ikiwa 0: 2x = 48, x = 24. Kwa hiyo siku 6 za mwisho hawatakuwa na kitu, na hapo ndipo watu wengi huingia kwenye madeni. Upungufu ni kilo 12.

Hesabu haiongezi unga, lakini inatuonya mapema. Angalieni:

- Wangejua siku ya kwanza, wangetumia 48 ÷ 30 = kilo 1.6 kwa siku.
- Wakijua siku ya 8, zimebaki kilo 32 kwa siku 22, karibu kilo 1.45 kwa siku.
- Wakingoja hadi siku ya 20, zimebaki kilo 8 kwa siku 10, yaani kilo 0.8 kwa siku.

Anayejua siku ya 8 bado ana nafasi ya kutafuta kibarua, kuchuma mboga, au kuzungumza na jirani. Anayejua siku ya 20 hulala na njaa au hukopa.

4. Tahadhari

Mstari unakuwa mnyoofu ikiwa matumizi ni sawa kila siku. Wageni wakija, au mkiuza unga kidogo ili mpate sabuni, mteremko unabadilika. Pimeni tena mara mbili, mtafute mlinganyo mpya.

5. Zoezi la familia

Tenki la maji linatoa maji kwa kasi ile ile. Baada ya saa 2 lina lita 700. Baada ya saa 5 lina lita 400. Tafuteni mlinganyo, kisha mseme litakuwa tupu baada ya saa ngapi.

Jibu: mteremko ni −100, mwanzo ni 900, mlinganyo ni y = −100x + 900. Litakuwa tupu baada ya saa 9.

Vijana, wafundisheni wadogo zenu kwa karatasi au hata kwa kijiti mchangani. Nanyi wazazi, anzeni kuandika kilo za unga tangu siku ya mgao.