Mjusi-kafiri na Rangi ya Ukuta

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani swali lililonishinda siku ile, nami nalikiri hilo kwa haya kidogo. Alisema: "Mwalimu, mjusi wa nyumbani mchana ni mweusi, usiku ni mweupe. Naye hana kioo cha kujitazamia. Basi ni nani amwambiaye rangi ya kuvaa?"

Halikuwa swali la mchezo. Kijijini kwao bibi mmoja mzee alishukiwa uchawi kwa ajili ya mjusi aliyeonekana mweusi mchana kwenye boriti yake, na usiku mweupe ukutani. Majirani walisema ametumwa, na hata jamaa za bibi wakaacha kula kwake.

Basi na tuanze na yale ambayo kila mmoja aweza kuyaona nyumbani mwake. Mjusi huyu, ambaye watu wa pwani humwita mjusi-kafiri (wengine hulieleza jina hilo kwa kisa cha moto wa Nabii Ibrahimu a.s., lakini hilo si somo la leo), ni mnyama wa usiku. Mchana hujibana katika ufa, nyuma ya picha au ndani ya makuti, na hapo huwa wa kahawia iliyokolea, mwenye mistari ya kukatiza mgongoni mithili ya gome la mti. Usiku hutoka kuwinda nondo na mbu karibu na taa, naye hupauka hata mistari ile ikafifia juu ya chokaa. Adui zake ni wengi: paka, nyoka, bundi, hata tandu. Kinachomponza zaidi mbele yao ni kujongea. Kwa hiyo husimama kimya na kuubandika mwili ukutani, kivuli chake kikawa chembamba.

Ama kubadilika kwenyewe, hapana rangi mpya inayopakwa. Ndani ya ngozi mna seli zenye chembe nyeusi. Chembe hizo zikitawanyika, ngozi hukoza. Zikikusanyika katikati ya seli, ngozi hupauka. Tandaza pilipili manga iliyosagwa katika sahani nyeupe, kisha ikusanye pamoja, nawe utaona jambo lile lile.

Lakini ni nani amwambiaye? Jawabu lilipatikana nchini Italia, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 juu ya jamaa yake, mjusi wa kuta za nchi za Bahari ya Mediterania. Wataalamu walimfunika macho, naye akaendelea kugeuka kufuata rangi ya mahali alipowekwa. Walipomfunika kiwiliwili, akashindwa. Tena katika ngozi ya ubavu wake zilikutwa protini za kupokea mwanga, za jamii ile ile iliyomo machoni. Yaani ngozi yenyewe huhisi mwanga! Huyo si mjusi wetu hasa, kwa hiyo nalitumia jawabu hili kwa tahadhari. Hata hivyo latosha kuonyesha kwamba kiumbe aweza kubadilika rangi pasipo kutumwa na mtu, wala yeye mwenyewe kukusudia.

Kujificha kukishindikana, huachia mkia. Mkia huo huendelea kurukaruka na kumshughulisha adui, na mwenyewe akapona. Mwingine huota, wenye gegedu badala ya mifupa.

Wengi wanaoogopa rangi yake huogopa na sumu yake. Mjusi huyu hana sumu. Kinyesi chake, hata hivyo, chaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo vyungu vifunikwe, na hilo ni suala la usafi tu.

Mwanafunzi yule alipokwenda likizo aliwakusanya majirani nyumbani kwa bibi baada ya magharibi, taa ikiwa imewashwa. Mjusi alitoka ufani akiwa mweusi, akapauka polepole mbele ya macho yao. Aliniandikia kwamba wawili walicheka, mmoja aliondoka bila ya kusema neno, na bibi akauliza kama apike wali.