SOMO LA UMEME: KUONDOA RADIO YA MOTOKARI NA KUWEKA ILE YA KIOO CHA KUGUSA



Motokari nyingi zinazofika kwetu Congo zimetumika kwanza Japani. Mwenye kuinunua akifungua radio, mara nyingi anasikia mlio tu, na anasema: imekufa. Hapana, haijakufa. Kule Japani FM ilikuwa toka MHz 76 mpaka 90, na kisha 2014 wakaanza kuisogeza mpaka 95. Kwetu iko kati ya 87,5 na 108. Radio Okapi inasikika kwa 103,5 pale Kinshasa na kwa 95,3 pale Bukavu. Radio inayoishia 90 haiwezi kuzifikia hata ukiizungusha mpaka jioni. Tena maandishi yake ni ya Kijapani na ramani yake ni ya Japani.

Kama shida ni FM peke yake, kuna kidude kidogo kinachowekwa kati ya antena na radio, nacho kinashusha namba za FM. Bei yake ni ndogo. Lakini watu wengi wanapenda kubadilisha radio nzima na kuweka ile ya kioo cha kugusa, pamoja na simu na kamera ya nyuma. Basi tuone ginsi kazi hiyo inafanyika. Neno kubwa la somo letu ni hili: pima mbele ya kuunga.

1. NAFASI

Radio za motokari zinafuata kipimo kilichotoka Ujeremani, kinachoitwa DIN. Ile ya kawaida iko na upana wa mm 180 na urefu wa mm 50. Ile ya mara mbili iko na mm 180 kwa 100. Toyota nyingi ziko na tundu la mm 200 kwa 100. Kwa hiyo chukua metre, pima tundu, halafu ndipo uende kununua. Kitu kilichonunuliwa mbele ya kupima kinaleta msumeno ndani ya tablo.

2. WAYA

Kwanza toa waya wa batri upande wa minusi (−), ungoje dakika chache, ndipo ufungue tablo kwa polepole. Radio mpya inakuja na waya za rangi. Karibu watengenezaji wote wanafuata desturi hii:

– manjano: umeme wa saa zote, unaotunza saa na vituo
– nyekundu: umeme unaokuja wakati ufunguo umegeuzwa
– nyeusi: masi, ndio minusi, kwenye chuma cha motokari
– nyeupe: bafle ya mbele kushoto
– kijivu: bafle ya mbele kuume
– kijani: bafle ya nyuma kushoto
– urujuani: bafle ya nyuma kuume

Kila bafle iko na waya mbili. Ile yenye mstari mweusi ni minusi yake. Usiunge minusi ya bafle kwenye chuma, hata kama motokari za zamani zilifanya hivyo. Radio za leo zinatuma umeme kwa waya zote mbili, na ukizigusisha na masi, unaiharibu.

Sasa hapa ndipo wengi wanakosea. Rangi hizo ni za radio mpya, si za motokari. Toyota iko na rangi zake, Nissan nayo zake. Kuunga nyekundu kwa nyekundu juu ya kufanana tu ni kubahatisha. Njia nzuri ni kununua kichwa cha waya cha aina ya motokari yako, bila kukata kitu. Kama hakipatikani, rudisha waya wa batri na uchukue multimetre. Ufunguo ukiwa umefungwa, waya unaoonyesha volti karibu 12 ni ule wa saa zote. Geuza ufunguo: waya mwingine unaoamka ndio wa nyekundu. Kisha toa tena waya wa batri, ndipo uanze kuunga. Chomelea kwa bati, funika vizuri. Kusokota kwa vidole hakutoshi, barabara zetu zitafungua.

3. HESABU YA FIZIBO

Kwenye sanduku wameandika « 4 × 50 W ». Tufanye hesabu tuliyojifunza: P = U × I. Injini ikitembea, batri inapata volti karibu 14. Fizibo nyuma ya radio imeandikwa 10 A. Basi 14 × 10 = wati 140. Namna gani kitu kinachopokea 140 kitatoa 200? Haiwezekani. Ile 50 ni ya kitambo kidogo sana. Nguvu ya kweli ni karibu wati 20 kwa kila bafle. Fizibo haidanganyi kama sanduku.

Na fizibo ikikatika, usiweke ya 20 A, wala kiwaya cha shaba. Fizibo imekatika ili waya usiungue. Ukiifunga kwa shaba, kitakachoungua sasa ni waya wenyewe ndani ya tablo, na moto hauombi ruhusa.

4. BATRI INAYOLALA

Wengine wanaunga nyekundu na manjano pamoja, juu ya kusikiliza muziki bila ufunguo. Tuseme kioo kinakula 1 A usiku kucha. Batri ya 60 Ah itapoteza 12 Ah kwa saa 12, ndiyo sehemu ya tano. Siku mbili na nusu, imekwisha kabisa. Asubuhi shofere anasukumisha watu na kulaumu batri.

5. WAYA WA FRENI YA MKONO

Kuna waya mwembamba ulioandikwa « parking » ao « brake ». Kazi yake ni kuzuia picha za video wakati motokari inatembea. Mafundi wengi wanauunga moja kwa moja kwenye masi, na mteja anafurahi. Sisi tunasema hapana. Kwa km 60 kwa saa, motokari inapita karibu metre 17 kwa kila sekunde. Ukiangalia kioo sekunde mbili, umepita metre 33 bila macho. Kando ya barabara zetu kuna watoto wanaokwenda masomoni kwa miguu, na sisi ni kati yao. Fundi mwenye kuunga waya huo vizuri anatulinda bila kutujua majina.

MAULIZO

1. Radio iko na fizibo ya 15 A. Kwa volti 14, inaweza kupokea wati ngapi?
2. Juu ya nini tusifuate rangi za waya peke yake?
3. Kwa km 90 kwa saa, motokari inapita metre ngapi kwa sekunde mbili?
4. Mteja anakuomba uunge waya wa freni kwenye masi, na anaongeza makuta. Utamjibu nini?