Kutoka Kitale na Bungoma Hadi Mombasa: Kusoma Mfuko na Bahari Kabla ya Safari

Mahindi yakishavunwa na gunia chache kuuzwa, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma: je, mwaka huu watoto wataona bahari? Ni swali halali. Mombasa ni jiji la nchi hii hii, na familia ya mwalimu, mkulima au mwenye duka ina haki ya kupumzika huko kama mgeni aliyetoka Ulaya. Lakini safari ya kilomita zaidi ya 850 haifanani na kwenda kutazama maporomoko ya Nabuyole kule Webuye na kurudi jioni. Makala haya ni somo kwa familia inayotaka kwenda, kutulia, na kurudi salama ikiwa bado na karo ya Januari.

Karo kwanza

Chukua mfano wa wazazi wawili na watoto wawili wenye umri wa miaka 6 na 10. Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida ya treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa hiyo familia hii italipa shilingi 4,500 kwenda na 4,500 kurudi, jumla 9,000. Bado haijalipa basi la kutoka Kitale au Bungoma hadi Nairobi, na nauli hiyo hupanda kila Desemba. Ongeza malazi, chakula, tuktuk za mjini, na yale madogo ambayo hayaandikwi popote: madafu, maboya ya kukodi, ngamia wa kupanda ufukweni. Hayo madogo ndiyo yanayomaliza pesa.

Njia iliyo salama ni kulipa karo ya muhula wa kwanza, au kuiweka katika akaunti ambayo simu haiifikii, kabla ya kukata tiketi yoyote. Kisha pesa za safari zigawanywe kwa siku, na nauli ya kurudi itengwe peke yake. Familia ambayo fungu lake halitoshi siku tano iende siku tatu. Mtoto hatakumbuka idadi ya siku.

Wengi huchagua Desemba kwa sababu ndipo pesa ya mahindi inapoingia na shule zimefungwa. Ndipo pia malazi huwa ghali, fuo hujaa, na joto huwa kali. Likizo ya Agosti ina faida zake: hali ya hewa ni ya baridi kidogo na bei hushuka, ingawa upepo wa kusi huwa bado unavuma na bahari huchafuka zaidi. Chama kinachoanza kuweka akiba Septemba kinaweza kwenda Agosti inayofuata bila kugusa gunia hata moja la mavuno mapya.

Nyumba ambayo haipo

Ulaghai wa malazi huchipuka kila msimu. Mtu huweka mtandaoni picha za nyumba nzuri iliyo karibu na ufuo, hutaja bei ya chini, halafu hudai amana haraka kwa sababu eti kuna mteja mwingine anayesubiri. Familia hufika Nyali au Bamburi usiku na mabegi na watoto wenye usingizi, na simu ya mwenyeji haipatikani.

Dawa yake ni rahisi. Mwenyeji aombwe kupiga simu ya video akiwa ndani ya nyumba hiyo na aonyeshe lango na barabara. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya pesa kutumwa lilinganishwe na jina alilojitambulisha nalo. Halafu kuna njia ya kizamani ambayo bado inafanya kazi: jamaa. Si vigumu kupata mtu wa nyumbani anayeishi Changamwe, Mikindani, Kisauni au Likoni. Shemeji au binamu huyo akitembea hadi kwenye nyumba na kubisha hodi, atakuwa ameokoa maelfu ya shilingi kwa nauli ya matatu moja.

Barabarani na relini

Basi la usiku kutoka Kitale au Bungoma huingia Nairobi alfajiri. Kutegemea kulishuka na kuiwahi treni ya asubuhi ni kucheza kamari, kwa kuwa stesheni ya treni ya Mombasa iko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na msongamano hauna huruma. Treni ya alasiri huacha nafasi ya kunywa chai, kunawa uso na kufika mapema kwa ukaguzi wa mizigo. Ratiba ithibitishwe kabla ya kulipa, na kila mtu mzima abebe kitambulisho kile kile alichokatia tiketi. Treni huishia Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo nauli ya kutoka hapo hadi mahali pa kulala ihesabiwe.

Anayelala pwani ya kusini, upande wa Diani, atavuka Likoni kwa feri au kupita barabara ya Dongo Kundu. Watembeao kwa miguu hawalipi kitu kwenye feri. Uvukaji wa feri Mombasa una historia nzito: tarehe 29 Aprili 1994 chombo cha Mtongwe kilipinduka na watu 272 wakafa, na Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri, mama na mtoto wakazama nalo. Ndiyo maana wavukao kwa gari wanashauriwa kumwacha dereva peke yake ndani, abiria wote washuke na wapande kwa miguu, watoto wakiwa wameshikwa mkono.

Bahari si mto Nzoia

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu watu wengi wa bara hujua maji ya mtoni na ya bwawa tu. Mto hutiririka upande mmoja. Bahari hupwa na kujaa. Katika muda wa siku moja hivi, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, yaani takriban saa sita kutoka kimo cha juu hadi cha chini. Chanzo ni mvuto wa mwezi, na jua likisaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu hizo mbili huungana na kuleta maji makubwa yaitwayo bamvua. Siku hizo tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa Mombasa hupita mita tatu, kimo cha ukuta wa nyumba.

Maana yake kwa familia ni hii. Saa tatu asubuhi maji yamekupwa, mchanga umeenea, na mtu anaweza kutembea hadi karibu na mwamba akitazama kaa na samaki wadogo vidimbwini. Inavutia sana. Lakini maji yakianza kurudi hayaji kwa mstari ulionyooka kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma ya mtu, kati yake na ufuo. Anayegeuka kurudi hukuta pale alipopita maji yakiwa kifundoni sasa yanafika kifuani. Kwa mtoto, hapo ni juu ya kichwa.

Kwa hiyo kila asubuhi waulizwe wavuvi au wahudumu wa ufuo: leo maji yanaanza kujaa saa ngapi? Wanajua bila kitabu, na hufurahi kuulizwa kwa heshima. Safari ya mwambani ianze maji yakiwa bado yanakupwa na iishe kabla hayajageuka. Viatu vya plastiki, vile sandaki vya kawaida, vivaliwe, kwani kuna wanyama wa miiba myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo.

Kuna pia mkondo unaotoka ufuoni kurudi kilindini, hasa karibu na milango ya mwamba. Aliyenaswa asishindane nao, hata kama anajua kuogelea. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake, ndipo arudi nchi kavu. Boya la mpira si mlinzi, kwa maana upepo hulisukuma. Katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, wenyeji wakiuita Pirates, umati huwa mkubwa sana sikukuu, na mtoto hupotea machoni kwa dakika moja. Mzazi mmoja awe ndani ya maji, urefu wa mkono kutoka kwa mtoto, bila simu na bila pombe. Wazazi wapokezane.

Mji wenyewe

Kupumzika si kukimbia kutoka mahali hadi mahali. Kituo kimoja kwa siku kinatosha. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hadi ilipoanguka 1698, baadaye ikawa gereza, na leo ni makumbusho yaliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2011. Watoto waliokwisha kupelekwa makumbusho ya Kitale huuliza maswali mazuri zaidi wanapofika hapo. Jirani yake ni Mji wa Kale, wenye milango ya kuchongwa na vichochoro vyembamba. Ni makazi ya watu, kwa hiyo mavazi ya kufunika mabega na magoti yanafaa, na picha ya mtu iombwe kwanza. “Shikamoo” kwa wazee hufungua milango mingi kuliko noti.

Mkulima asikose Haller Park, Bamburi. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wenye chumvi. Kuanzia miaka ya 1970 René Haller alipanda mivinje, kisha akaleta jongoo wa kula majani yake magumu, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Leo ni msitu. Ndipo pia kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe aitwaye Mzee.

Jioni ni ya Mama Ngina, upepo wa bahari, viazi karai na mabuyu. Chupa za plastiki zisibebwe: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo. Makombe yaachwe mchangani.

Kuhusu afya, Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo mwili huchoka haraka kwenye joto la Mombasa. Maji yanywewe mara kwa mara, yawe ya kununuliwa au yaliyochemshwa, maana ya mfereji mara nyingi huwa na chumvi. Pwani ina malaria. Walale ndani ya neti, na mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi, apelekwe kituo cha afya akapimwe, na mhudumu aambiwe kwamba alikuwa Mombasa.