Mjafari na chai ya mizizi

SWALI: Nimesikia kuna mti wa Marekani uitwao sassafras, mizizi yake huchemshwa chai yenye harufu nzuri. Huku kwetu Dodoma upo? – Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Haupo. Sassafras ni mti wa mashariki mwa Marekani, jamaa ya mdalasini na mparachichi. Na huo usiutamani sana: mafuta ya mizizi yake yana safroli, ambayo Marekani iliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1960, baada ya kuonekana inaleta saratani ya ini kwa panya.

Kwenye vichaka vyetu vikavu mti unaokaribiana nao kwa matumizi ni mjafari, ambao wengi huku bara huuita mlungulungu. Huwezi kuukosea: shina limejaa vinundu vigumu vyenye miiba, na jani ukilifikicha linanukia ndimu. Si ajabu, maana ni wa ukoo mmoja na mchungwa. Majani yake hutiwa kwenye chai, vijiti ni miswaki, magome na mizizi huchemshwa kwa kikohozi na homa. Uganda mbegu zake huuzwa sokoni kama dawa.

Kwa homa, lakini, nenda kapime malaria kwanza. Na ukihitaji gome, chukua kipande kidogo upande mmoja tu. Mti ukimenywa kuzunguka shina lote hukauka. Majani ndiyo yanayochipua tena, na kwa chai hata ladha yake mimi naiona bora.