Nukta za Kwanta: Kwa Nini Ni Kazi Kuzitengeneza kwa Wingi?

Nukta za kwanta ni nini?
Ni fuwele ndogo mno, za nanomita chache tu. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Ajabu yake ni kwamba rangi hufuata ukubwa. Kwa maada ile ile, chembe ndogo hung'aa buluu, kubwa kidogo kijani, kubwa zaidi nyekundu. Alexei Ekimov na Louis Brus waligundua jambo hili, kila mmoja kivyake, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kuzitengeneza zikilingana. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Njia ipo tangu 1993. Ugumu uko wapi?
Kwenye chungu. Katika njia ya Bawendi, kemikali hudungwa ghafla ndani ya kimiminika chenye joto la nyuzi 300 hivi. Mbegu za fuwele huzaliwa kwa mkupuo mmoja, joto hushuka, hakuna mpya zinazozaliwa, nazo zilizopo hukua pamoja. Kwenye chupa ya maabara mambo huenda vizuri. Kwenye pipa la kiwandani ni kama pilau la harusi: chini linaungua, juu bado mchele. Kemikali huchelewa kuchanganyika, mbegu huzaliwa kwa nyakati tofauti, ukubwa unatofautiana na rangi inafifia. Watengenezaji wengine huacha kudunga, wakapasha mchanganyiko wote pamoja polepole. Wengine hupitisha kemikali mfululizo kwenye mirija myembamba, ambako joto ni rahisi kulidhibiti. Kwa maoni yangu njia hii ina mantiki zaidi, maana ukitaka nyingi unaongeza mirija, hupanui chungu.

Zina sumu?
Zilizo bora za awali zilitumia kadimi, metali nzito yenye sumu. Umoja wa Ulaya unaizuia kuzidi asilimia 0.01 ya uzito wa maada katika vifaa vya umeme, ingawa umetoa misamaha. Mbadala wake mkuu ni fosfidi ya indi, nayo ina ukorofi wake: huungana na oksijeni upesi, hivyo hewa lazima izuiwe, kisha kila chembe ivikwe gamba la kampaundi ya zinki. Mtazamaji wa televisheni yenye nukta hizi hana la kuhofu, kwani zimefungwa ndani ya utando. Wa kulindwa ni mfanyakazi wa kiwandani na anayechambua taka za elektroniki.

Televisheni iliyoandikwa "QLED" hung'aa kwa nukta zenyewe?
Kwa kawaida, hapana. Nyuma ya skrini kuna taa za LED za buluu. Nukta zilizo kwenye utando hugeuza sehemu ya mwanga huo kuwa kijani na nyekundu. Skrini ambayo kila nukta huwashwa na umeme moja kwa moja imeshaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara, lakini nukta za buluu huchoka mapema kuliko za rangi nyingine.