MAUMIVU YASHUKAYO KUTOKA KIUNONI HADI MGUUNI

Katika vijiji vya Kibera kama Makina, Lindi na Laini Saba, na huko Kawangware upande wa Gatina, maji mengi husafirishwa kwa nguvu za binadamu. Mtungi mmoja wa lita 20 ukijaa hupita kilo 20, na mwenye mkokoteni hupakia mitungi mingi kwa safari moja. Wako pia vibarua wabebao mifuko ya saruji ya kilo 50, na akina mama wainamao juu ya karai la nguo tangu asubuhi. Miongoni mwao hakosekani mtu ambaye siku moja, akiinuka na mzigo wake, huhisi kitu kama umeme kikimpiga kiunoni, kikapita makalioni na kuteremka nyuma ya paja mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Kesho yake hawezi kwenda kazini. Na kibarua asipokwenda kazini halipwi.

Wengi huyaita maumivu hayo baridi yabisi, na wengine hudhani ya kuwa figo zimeharibika. Wako hata wanenao kwamba mtu huyo amerogwa. Lakini baridi yabisi hushika viungo kama vile magoti na vidole, navyo huvimba. Na maumivu ya figo hayafiki unyayoni. Ugonjwa huu huitwa siatika, na asili yake ni mshipa wa fahamu.

Mshipa wa fahamu si mshipa wa damu. Hufanya kazi kama waya wa simu: hupeleka amri za ubongo kwenye misuli, na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Mshipa wa siatika ndio mnene kuliko yote mwilini. Mizizi yake hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikaungana nyongani. Kisha mshipa hupita ndani ya tako na nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika matawi mawili.

Baina ya pingili za mgongo mna visahani, kila kimoja kina ukingo mgumu na kiini laini. Ukingo ukipasuka, kiini hutokeza na kuusonga mzizi wa mshipa. Jambo hili lilielezwa wazi mwaka 1934 na madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani. Basi ugonjwa uko mgongoni ingawa kilio kiko mguuni, na kulikanda shavu la mguu kwa mafuta hakuwezi kuondoa kilichousonga mzizi. Kwa wazee, njia ya mishipa mgongoni huweza pia kuwa nyembamba, hata mtu akitembea kidogo huumwa na akiketi hupata nafuu.

Mara nyingi siatika hushika mguu mmoja tu. Huzidi mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akikaa kitako kwa muda mrefu, na pengine mguu hufa ganzi au huchomachoma kama sindano. Daktari humlaza chali na kuuinua mguu ukiwa umenyooka; kisha humtaka atembee kwa visigino na kwa ncha za vidole, apate kujua kama misuli imedhoofika. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku, hiyo kwa kawaida si siatika. Hapo yafaa kupima sukari katika damu. Na mtu anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi amweleze mwuguzi, kwani huenda akahitaji vitamini B6.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 bila kupasuliwa, kwa sababu mwili wenyewe hukipunguza kile kilichotokeza. Zamani madaktari waliwaamuru wagonjwa walale kitandani siku nyingi. Sasa imejulikana kuwa kutembea kidogo kidogo ni bora. Ni rahisi kumwambia hamali aache mizigo. Ni vigumu kumwambia atakula nini. Walau agawanye maji katika mitungi midogo, akunje magoti anapoinua, na aukaribishe mzigo kifuani.

Jambo moja lataka hadhari kubwa. Wengi wakizidiwa hukimbilia duka la dawa na kutaka sindano ya tako. Mshipa wa siatika wapita papo hapo! Sindano ikichomwa chini au upande wa ndani wa tako yaweza kuujeruhi mshipa, na mguu ukalegea. Huko Uganda wako watoto waliolemaa kwa njia hii baada ya kuchomwa kwinini. Mahali pa salama zaidi kwenye tako ni juu, upande wa nje. Kwa mtoto mchanga, ni pajani. Vidonge vya diklofenaki navyo, vikimezwa siku nyingi bila shauri la daktari, huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Akipatwa na ganzi sehemu za siri na pale mtu akaliapo tandiko la baiskeli, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili ikilegea, mgonjwa asingoje kesho. Apelekwe siku ile ile katika hospitali kubwa yenye wapasuaji wa mgongo, kama vile Kenyatta, kwani kuchelewa kwaweza kumlemaza maisha.

Maumivu ya mgongo yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779. Hospitali ya Mbagathi, iliyo karibu na Kibera, zamani ilikuwa ya magonjwa ya kuambukiza, na hata leo hutibu kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, nazo humezwa kwa miezi mingi; na mgonjwa aanzaye kabla pingili hazijabonyea ana tumaini kubwa la kutembea wima.