Fuata Anwani Zako za Zamani: Jinsi ya Kutafuta na Kudai Fedha Zilizosahaulika Marekani

Aliyewahi kuishi Marekani na kuhama mara mbili tatu huenda ana pesa alizoziacha nyuma bila kujua. Si lazima ziwe nyingi. Yaweza kuwa mshahara wa wiki ya mwisho kiwandani, amana aliyolipa kampuni ya umeme, akaunti ya benki iliyobaki na dola 80, au marejesho ya bima ya gari. Hundi ilitumwa kwenye nyumba ya zamani, ikarudi, na mwenyewe hakupatikana.

Kampuni hairuhusiwi kuzifanya pesa hizo kuwa zake. Kila jimbo la Marekani lina sheria inayoitaka kampuni ingoje kwa muda uliowekwa, imtafute mwenye mali, na asipopatikana ikabidhi fedha kwa serikali ya jimbo. Huko zinatunzwa kwa jina lake mpaka yeye au mrithi wake ajitokeze. Chama cha maofisa wanaosimamia mali hizo, NAUPA, kinakadiria kuwa mtu 1 kati ya 7 nchini humo ana kitu kinachomsubiri. Kutafuta ni bure, na kudai kwa jimbo ni bure.

Kinachowakwaza wengi ni kutojua pa kuanzia, kwa kuwa serikali kuu haina orodha moja ya nchi nzima. Kila jimbo lina daftari lake. La California linashikwa na Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, la Illinois na Mweka Hazina, la Minnesota na Idara ya Biashara.

Ni jimbo gani linashika pesa zako?

Mwaka 1965, katika kesi ya Texas dhidi ya New Jersey, Mahakama Kuu ya Marekani iliweka kanuni inayotumika hadi leo: fedha huenda kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mwenyewe iliyomo katika kumbukumbu za kampuni. Kama kampuni haina anwani yake, fedha huenda kwenye jimbo ilikosajiliwa kampuni. Kwa hiyo usitafute pale unapoishi sasa tu. Tafuta kila ulipowahi kupokea barua.

Chukua familia ya wakimbizi iliyopokelewa Louisville, Kentucky, ikahamia Iowa kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na sasa inaishi Portland, Maine. Ina majimbo matatu ya kupekua. La nne ni Delaware, hata kama hakuna aliyewahi kukanyaga huko, kwa sababu kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa katika jimbo hilo.

Hawala za fedha za karatasi, zile zinazonunuliwa dukani kulipia kodi ya nyumba, zina kanuni yake. Sheria ya mwaka 1974 inazielekeza kwenye jimbo ziliponunuliwa, na mwaka 2023 Mahakama Kuu iliamua dhidi ya Delaware katika mgogoro wa hati za namna hiyo. Mara nyingi muuzaji haandiki jina wala anwani ya mnunuzi, kwa hiyo kutafuta kwa jina hakutasaidia. Kitakachokusaidia ni kile kipande cha risiti chenye namba. Usikitupe mpaka mwenye nyumba akiri kuwa amelipwa.

Anzia unclaimed.org, tovuti ya NAUPA yenye viungo vya ofisi halali ya kila jimbo. Kisha tumia MissingMoney.com, inayopekua majimbo mengi kwa mara moja. Usiishie hapo. Ingia pia kwenye tovuti ya kila jimbo linalokuhusu.

Tafuta jina kama karani alivyoliandika

Majina yetu huandikwa ovyo katika ofisi za ugenini. Salum Juma Khamis anaweza kuwa ameingizwa na mwajiri mmoja kama Khamis, na mwingine kama Juma. Abdallah huwa Abdalla au Abdullah, Omari huwa Omar, na Mwanaisha hukatwa vipande viwili. Mwanamke aliyebadilisha jina baada ya ndoa atafute majina yote mawili. Familia za Kongo ambamo baba na watoto hawatumii jina moja la ukoo zimtafute kila mtu peke yake, wakiwemo watoto, maana nao waweza kuwa na akaunti au fidia.

Weka jina la mwisho pekee pamoja na mji, kisha soma matokeo yote. Rudia kwa kugeuza mpangilio wa majina. Ukiona jina linalofanana na lako, tazama anwani kabla ya kitu kingine. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, kwa hiyo tarehe haimtofautishi mtu na jirani yake. Anwani ya zamani ndiyo ushahidi wenye nguvu.

Muda wa kungoja

Kama umeacha kazi mwezi uliopita, usitegemee kuona kitu kwenye daftari la jimbo. California, kwa mfano, hungoja mwaka 1 kwa mishahara, miaka 3 kwa akaunti nyingi za benki, miaka 7 kwa hawala za karatasi na miaka 15 kwa hundi za wasafiri. Kabla muda huo haujaisha, mdai mwajiri au benki moja kwa moja.

Kwa jumla jimbo halikufungii mlango hata ukichelewa miaka mingi, ingawa machache yameweka ukomo. Lakini kuchelewa kuna gharama. Majimbo mengi hayalipi riba, na hisa za kampuni huuzwa baada ya muda. Utalipwa bei ya siku zilipouzwa, hata kama thamani yake imepanda mara kumi tangu hapo.

Pesa zilizo kaunti na mjini

Hapa ndipo wengi hukosea: wakikosa jina kwenye daftari la jimbo wanadhani hawadai kitu. Kaunti, miji na mahakama hushika fedha zake zenyewe, na nyingi hazionekani kwenye tovuti za jimbo. Wapigie simu mweka hazina wa kaunti na karani wa mahakama ukawaulize mambo haya:

- Dhamana ya mahakamani. Aliyelipa fedha taslimu kumtoa ndugu yake rumande kwa kawaida hurudishiwa kesi ikiisha, baada ya makato yanayoruhusiwa kisheria. Rekodi hubeba jina la aliyelipa, si la mshtakiwa.
- Hundi za mji au kaunti. Hizi ni marejesho ya kodi iliyolipwa mara mbili, amana ya maji au posho ya baraza la mahakama.
- Fidia. Kama mahakama iliamuru mwizi akulipe nawe ukahama, malipo yanaweza kuwa yamekwama kwa karani.
- Ziada ya mnada wa nyumba. Nyumba ikiuzwa kwa sababu ya kodi ya mali isiyolipwa, bei yaweza kuzidi deni.

Hilo la mwisho lilifika Mahakama Kuu. Geraldine Tyler, mwanamke wa miaka 94, alikuwa na nyumba Minneapolis. Deni la kodi pamoja na riba na adhabu lilifika kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin iliiuza nyumba kwa dola 40,000 na kubaki na fedha zote. Mei 2023 majaji wote tisa waliamua kuwa kaunti haikuwa na haki ya kujichukulia ziada ile. Kama wewe au mzazi wako alipoteza nyumba kwa njia hiyo, iulize kaunti kiasi cha mauzo, deni lilikuwa kiasi gani, na mwisho wa kudai ni lini.

Tarehe ya mwisho ni jambo la kuzingatia sana katika ngazi hii. Katika California, sheria inaruhusu fedha zilizokaa miaka 3 kwenye hazina ya mji au kaunti bila kudaiwa ziwe mali ya serikali hiyo baada ya tangazo gazetini. Jimbo kwa kawaida hukungoja. Mji waweza usikungoje.

Kuandaa madai

Jaza fomu ya jimbo husika, nyingi zikiwa mtandaoni, kisha uambatishe uthibitisho wa mambo matatu: wewe ni nani, namba yako ya Social Security au ya mlipakodi, na kwamba uliwahi kuishi kwenye anwani iliyoandikwa. Kwa hilo la tatu tumia hati ya mshahara ya mwisho wa mwaka, bili ya zamani, mkataba wa kupanga, cheti cha shule au taarifa ya benki. Kiasi kikubwa mara nyingi huhitaji saini iliyoshuhudiwa na notari.

Jina likitofautiana na la kwenye kitambulisho, ambatisha cheti cha ndoa, hati ya mahakama au barua ya mwajiri inayoonyesha kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Umiliki wa mali hautegemei uraia. Aliyekwisha kurudi Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudai pia, na ubalozi wa Marekani hutoa huduma ya kushuhudia saini kwa malipo.

Kwa mali ya marehemu, mrithi aandae cheti cha kifo, uthibitisho wa undugu, na wosia au amri ya mahakama ikiwepo. Mirathi ikiwa ndogo, majimbo mengi hukubali hati ya kiapo badala ya kesi nzima. Cheti kisichokuwa cha Kiingereza kitafsiriwe na mtu anayeweza kuithibitisha tafsiri yake kwa maandishi.

Ukishatuma, andika namba ya dai na tarehe. Ofisi ikiomba karatasi zaidi, jibu mapema, maana dai lisilojibiwa hufungwa.

Mawakala na matapeli

Wapo mawakala halali wanaosoma madaftari haya na kukuandikia barua wakidai asilimia fulani. Sheria imewawekea kikomo: asilimia 10 California na Texas, asilimia 15 New York. Kabla ya kutia saini, tafuta mwenyewe jina lako. Mara nyingi utaona kile kile wanachotaka kukuuzia.

Tapeli yeye huomba ada kwanza, kadi za zawadi, au neno la siri la benki. Ofisi ya jimbo haiombi hayo. Hata hivyo usitupe kila barua, kwani majimbo kama Illinois hulinganisha rekodi na kumtumia mtu barua, au hata hundi, kabla hajaomba. Thibitisha kwa kupiga namba uliyoipata mwenyewe kupitia unclaimed.org, si ile iliyo kwenye barua.

Mahali pengine pa kutazama

Wizara ya Kazi ya Marekani ina orodha ya wafanyakazi waliopunjwa mishahara na waajiri wao, na huwashikia fedha kwa miaka 3 kabla ya kuzipeleka hazina kuu. Marejesho ya kodi ya mapato hupotea usipowasilisha hesabu zako ndani ya miaka 3 tangu zilipotakiwa. Pensheni za mashirika yaliyofungwa hutafutwa kupitia PBGC, shirika la serikali kuu linalolinda pensheni. Mwenye mali Kenya asisahau Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2011. Jina hutafutwa huko kwa kupiga *361#, na akaunti za benki huhesabiwa kuwa zimetelekezwa baada ya miaka 5.

Ili usirudi kwenye madaftari haya kila mara, mwajiri unayemuacha mpe anwani mpya kwa maandishi, funga akaunti usiyoitumia, na kila akaunti unayobaki nayo ifanyie muamala angalau mara moja kwa mwaka. Waambie pia wanao zilipo hati za bima na benki. Leo hii, chukua karatasi uandike anwani zote ulizowahi kuwa nazo na kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa, kisha anza na anwani ya zamani kuliko zote.